Shoga, Rafiki na Rosa: Imani ya Msomaji na Haki ya Mhusika

UTANGULIZI

Miongoni mwa makosa yanayowapotezea watahiniwa alama katika karatasi ya Fasihi (102/3), lipo moja lisilozungumziwa sana, nalo ni kuhubiri badala ya kuhakiki. Mtahiniwa akitakiwa aeleze usawiri wa mhusika ambaye mwenendo wake wa kimapenzi unakwenda kinyume na mafundisho ya dini, aghalabu hajishughulishi na matini. Huandika kuwa mhusika huyo ni mwenye dhambi, kuwa amepotoka, na kuwa vijana wa leo wajihadhari wasije wakamfuata. Anajaza ukurasa mzima bila kutaja tukio hata moja kutoka kitabuni. Mtahini hana la kutuza pale.

Tatizo hili hujitokeza kwa ukali zaidi suala linapokuwa mapenzi ya jinsia moja. Hapa mwalimu naye huingiwa na hofu. Wengi wetu tumelelewa kanisani, tunafundisha katika shule zilizoasisiwa na makanisa, na wazazi wanaotukabidhi wana wao ni waumini. Basi tunapofikia neno au tukio linalogusa suala hili, tunalipita mbio, au tunatoa onyo kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Swali linalotukabili ni hili: je, msomaji Mkristo anaweza kuihakiki kwa haki kazi inayomsawiri mtu ambaye imani yake haikubaliani na mwenendo wake? Makala haya yanashikilia kuwa anaweza, tena bila kuiweka imani yake kando. Tutaanza na neno, tuingie katika kazi mbili, kisha tumalizie kwa mwongozo wa darasani.

NENO KABLA YA HUKUMU

Hebu tutazame neno "shoga". Katika Kiswahili cha Mombasa, Lamu na Unguja, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Bibi humwita jirani yake "shoga yangu" bila ya aibu wala siri. Neno hili limetapakaa katika nyimbo za taarabu, katika mazungumzo ya ukumbini na katika tamthilia na riwaya za waandishi wa pwani na visiwani. Maana ya pili, yaani mwanamume anayejamiiana na wanaume wenzake au aliye na mwenendo wa kike, imekaa kando ya ile ya kwanza kwa miaka mingi, na kamusi zetu huziorodhesha zote mbili. Mzungumzaji wa pwani hutambua kwa muktadha ni ipi inayokusudiwa.

Bara hali ni tofauti. Mwanafunzi wa Nyeri, Kitale au Machakos amelipokea neno hili kupitia redio, magazeti na mahubiri, na huko lina maana moja tu. Ndiyo sababu mhusika wa kike anapomkaribisha mwenzake kwa neno "shoga", darasa zima huangua kicheko. Kicheko chenyewe si kosa kubwa. Kosa ni pale mtahiniwa anapokwenda kuandika kuwa mwandishi amekusudia kukemea ushoga, ilhali ukurasa ule ulihusu wanawake wawili wakinong'onezana kuhusu mume mkorofi. Usuli wa neno ukipotea, maudhui nayo hupotea.

Neno la pili ni "ulawiti". Asili yake ni Kiarabu, na limetokana na jina la Lutu, ambaye Waislamu humwita Nabii Lut. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wamelipata katika nyaraka za Paulo kupitia Biblia ya Union ya 1952. Hata hivyo, katika lugha ya mahakama na magazeti yetu, kulawiti hutumika zaidi kuelezea unyama anaotendewa mtoto au mtu aliyeshurutishwa. Matokeo yake ni kuwa neno moja limebebeshwa mizigo mitatu: dhambi kwa mujibu wa waraka, jinai ya kumdhulumu mtoto, na uhusiano wa watu wazima wawili walioridhiana. Muumini anaweza kuona kuwa yote matatu ni makosa. Lakini hata muumini huyo hawezi kusema kuwa ni kosa lile lile. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya atamfanya mhusika aliyependa kuwa sawa na mhusika aliyenajisi, na hapo atakuwa amemsingizia mwandishi.

Hata kisa chenyewe cha Sodoma kinadai usomaji wa makini. Mwanzo 19 inasimulia umati uliotaka kuwadhulumu wageni kwa nguvu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anapotaja uovu wa Sodoma anataja majivuno, shibe na kuwapuuza maskini. Waraka wa Yuda nao unataja uasherati. Msomaji wa Biblia anayezijua sehemu zote tatu tayari amejifunza kanuni ya kwanza ya uhakiki: tukio moja linaweza kubeba dhamira zaidi ya moja, na anayetaja moja tu hajasoma yote.

ROSA MISTIKA: MWENYE DHAMBI ALIYEKUFA

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Namagondo, Ukerewe, akasomea seminari, na mwaka 1971 akachapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Riwaya hii haihusu mapenzi ya jinsia moja. Tunaileta hapa kwa sababu ndiyo kielelezo bora katika fasihi yetu cha namna jamii ya Kikristo inavyomwangalia mtu aliyeteleza kimwili.

Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi, na Regina, mama mvumilivu. Baba anamchapa vibaya kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Kwa kumtenga na wavulana, anamfanya binti asiyejua dunia. Rosa anapopata uhuru masomoni anakwenda mrama: anabadilisha wanaume, anatoa mimba. Baadaye anajaribu kujirudi, lakini Charles anapobaini kuwa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua.

Mwalimu ayatazame majina. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Regina ni Malkia, naye pia ni Maria. Deogratias, mmoja wa wanaume wanaomharibu Rosa, jina lake maana yake ni Mungu ashukuriwe. Huu ni ubazazi wa makusudi wa majina, na ni kinaya: jamii imejipamba kwa majina matakatifu ilhali hakuna ndani yake mkono wa kumshika msichana anayezama. Kezilahabi hamtetei Rosa kwa kusema kuwa hakukosa. Anauliza nani mwingine alikosa. Ndiyo maana riwaya haikomei kaburini. Msimulizi anaifikisha kesi ya Rosa na baba yake mbele ya Mungu mwenyewe. Hukumu imeondolewa mikononi mwa majirani.

Riwaya hii ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania baada ya kuchapishwa. Jambo hili lazima litushangaze. Ikiwa kinachotakiwa ni funzo, basi funzo limo: aliyezini amekufa kifo kibaya. Ikiwa kinachotakiwa ni dini, basi dini imo hadi kwenye jalada. Kwa nini basi ikaogopwa? Tutalirudia swali hili baada ya kutazama kazi ya pili.

RAFIKI: MWENYE DHAMBI ALIYEBAKI HAI

Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi "Jambula Tree", iliyoandikwa kwa mtindo wa barua kutoka kwa msichana mmoja, Anyango, kwenda kwa mwenzake, Sanyu. Mkurugenzi wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliichukua hadithi hiyo akaihamishia Nairobi, akatoa filamu yenye jina la Kiswahili, Rafiki. Mwezi Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Mwezi uliotangulia, Bodi ya Kuainisha Filamu nchini ilikuwa imeipiga marufuku. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu watu wazima kuitazama kwa siku 7, na mwezi Aprili 2020 mahakama hiyo hiyo ikaunga mkono uamuzi wa bodi. Kwa hiyo hatusemi mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake. Tunaijadili kwa ajili ya walimu, kwa kuwa imeibua mjadala mkubwa zaidi wa fasihi na imani nchini katika miaka ya karibuni.

Kena na Ziki ni mabinti wa wagombea wawili wanaoshindania kiti kimoja cha bunge la kaunti. Wanapendana. Mtaa unanusa, Mama Atim mwenye kibanda cha chakula anaeneza habari, na umati unawavamia na kuwapiga. Polisi wanawadhihaki. Ziki anapelekwa London. Kena anabaki, anasoma, anakuwa daktari.

Tuanze na anwani. Mkurugenzi ameeleza kuwa wapenzi wa jinsia moja nchini hulazimika kumtambulisha mwenzao kwa watu kama rafiki tu. Mwalimu wa Kiswahili ataona hapa jambo la ajabu la lugha. Shoga lilikuwa neno la urafiki, likasukumwa hadi likawa tusi. Rafiki ni neno la urafiki, nalo limegeuzwa kuwa pazia. Maneno mawili yamepita njia mbili, na yote mawili yanatuonyesha jamii isiyokuwa na neno ambalo mtu anaweza kujitajia kwalo bila ya kutukanwa au kujificha.

Tuje kwenye usawiri wa wahusika. Mercy, mama yake Kena, ni mhusika duara. Ameachwa na mumewe, ambaye amekwisha kuoa mwanamke mwingine anayetarajia kujifungua. Heshima pekee iliyombakia mtaani ni kanisa. Habari za binti yake zinapofichuka, anamkokota hadi kwa mchungaji aombewe na kutolewa pepo. Msomaji mwepesi atamwita mama huyu katili. Msomaji makini ataona hofu: Mercy anaogopa kupoteza nyumba ya pili baada ya ile ya kwanza kuvunjika. Imani yake ni ya kweli, na upendo wake kwa mwanawe ni wa kweli, ila woga umetangulia vyote viwili.

Jina lake maana yake ni rehema. Lakini rehema katika filamu hii inatoka kwa John, baba aliyeivunja ndoa yake, asiyesifika kwa ibada. Ndiye anayekataa kumtupa mwanawe japo anajua kura zitampita. Hiki ni kinaya cha aina ile ile tuliyoiona kwa Kezilahabi. Tena si kinaya kigeni kwa msomaji wa Injili, maana katika mfano wa Msamaria Mwema wanaopita kando ni watu wa hekalu, na anayesimama ni yule asiyetarajiwa.

Kwa upande mwingine, filamu ina udhaifu ambao mhakiki hapaswi kuunyamazia kwa kuogopa kuonekana anaunga mkono marufuku. Mchungaji ni mhusika bapa. Anasimama mimbarini kukemea, na baadaye anaomba kwa kelele. Hatumwoni akimsikiliza mtu, akitilia shaka, wala akimtembelea mgonjwa. Sauti yake moja imefanywa kuwa sauti ya kanisa lote.

Je, ndivyo kanisa lilivyo? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 haikubali matendo ya kimapenzi baina ya watu wa jinsia moja. Hapo hapo inaagiza kuwa watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, wala wasibaguliwe bila ya haki. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1998 walikataa matendo hayo kwa kuwa hayapatani na Maandiko; katika azimio lilo hilo waliahidi kuwasikiliza wahusika na wakakemea chuki dhidi yao. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikwenda mbali zaidi, na mwaka 2013 akatamka hadharani kwamba hangemwabudu Mungu mwenye chuki hiyo. Wapo waumini wengi waliompinga Tutu, nao hawakuacha kuwa Wakristo, kama naye alivyobaki kuwa Mkristo.

Mwalimu atambue kinachotokana na hayo. Mkristo anayeshikilia msimamo mkali kabisa wa kanisa lake bado ana ala za kumkosoa umati uliowapiga Kena na Ziki, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya kauli hizo za kanisa inayoruhusu mawe na mateke. Sheria nayo ni sehemu ya muktadha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha. Lakini hata kifungu hicho hakimpi jirani ruhusa ya kuwa hakimu na askari kwa pamoja. Mtahiniwa akiandika kuwa "mwandishi anaonyesha jinsi jamii inavyotumia dini kuhalalisha fujo ambazo dini yenyewe haikuziagiza", amehakiki. Hakulazimika kuikana imani yake ili aandike sentensi hiyo.

MWISHO WA KAZI NA SUALA LA FUNZO

Turejee sasa kwenye swali tuliloliacha. Wanuri Kahiu alieleza kuwa bodi ilitaka mwisho wa Rafiki ubadilishwe, maana Kena anaonekana mwenye matumaini badala ya mwenye majuto. Alikataa. Kwa hivyo filamu ilikataliwa kwa kuwa mwenye dhambi amebaki hai, amesoma, na bado anatumaini. Rosa Mistika nayo ilizuiliwa shuleni ilhali mwenye dhambi amekufa.

Ukiziweka kazi hizi mbili sambamba, utaona kuwa adhabu ya mhusika haikuwa kipimo cha kweli. Kezilahabi alimwadhibu Rosa akazuiliwa. Kahiu hakumwadhibu Kena akazuiliwa. Kilichofanana ni kwamba kazi zote mbili zilimpa mtenda kosa moyo, historia na wazazi, kisha zikaigeuza kamera na kalamu kuwaelekea wale waliosimama pembeni: baba anayechapa, mama anayeogopa, jirani anayenong'ona. Jamii huvumilia hadithi ya mwenye dhambi. Ni vigumu kwake kuivumilia hadithi inayomuuliza mtazamaji naye alikuwa wapi.

Hapa ndipo tunapopaswa kuitazama upya desturi yetu ya kuuliza, kila mwisho wa kitabu, "Mwandishi anatufunza nini?" Swali ni zuri, ila tumelifanya jembe la kulimia kila shamba. Lina uzito linapotoa dhamira kutokana na matini. Linapoteza maana linapodai kuwa kila aliyekosa afe, awe mwendawazimu au atubu kabla ya ukurasa wa mwisho. Ayubu, katika Biblia ile ile, alikuwa na marafiki watatu waliosisitiza kuwa anayeteseka lazima amekosa, na mwishowe Mungu akawakemea wao. Mhakiki wa Kikristo ana mfano huo mbele yake.

MWONGOZO WA DARASANI

Kwa mwalimu, tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, fafanua msamiati kabla ya kusoma. Neno "shoga" likitokea katika matini ya pwani, eleza maana zote mbili waziwazi na kwa utulivu. Mwanafunzi aliyeelezwa hacheki mara ya pili.

Pili, tenganisha sauti. Je, kauli ya kulaani imetolewa na msimulizi, na mhusika, au na mwandishi? Mchungaji wa kubuni anaposema jambo, si lazima mwandishi awe amelisema.

Tatu, dai ushahidi. Kila sifa ya mhusika iambatane na tukio. "Mwasherati" bila tukio ni tusi tu.

Nne, kumbuka walioketi mbele yako. Katika darasa la wanafunzi 45 au 50, huenda yumo asiyecheka pamoja na wenzake, na si kwa sababu hakuelewa. Hutamjua, na si kazi yako kumtafuta. Kazi yako ni kuhakikisha kuwa somo la fasihi halimpigi mtu aliyekuja kusoma.

Kwa mtahiniwa, linganisha majibu haya mawili kwa swali "Fafanua sifa za Rosa."

Jibu la kwanza: Rosa ni mwasherati kwa sababu alikosa kumcha Mungu, na vijana tujiepushe na tabia hiyo.

Jibu la pili: Rosa ni mwenye kuathirika upesi. Baada ya kulelewa kwa vitisho na kutengwa na wavulana, anapofika mbali na nyumbani anashindwa kujitawala. Vilevile ni mwenye majuto, kwani baadaye anajaribu kuubadilisha mwenendo wake kabla ya Charles kumwacha.

Jibu la kwanza lina imani lakini halina kitabu. La pili lina kitabu, na hakuna Mkristo atakayelikataa.

HITIMISHO

Makala haya hayajamtaka mwalimu yeyote abadilishe anachoamini kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Waumini wataendelea kutofautiana, na makanisa yenyewe bado yanajadiliana. Tulichodai ni kidogo zaidi, na ni wajibu wa taaluma yetu: mhusika asihukumiwe kabla hajasomwa. Anayeamini kuwa hukumu ni ya Mungu ana sababu kubwa kuliko wengine wote ya kutoiharakisha katika daftari la mtihani.

MASWALI YA KUJADILI

1. "Majina ya wahusika katika Rosa Mistika ni kinaya." Thibitisha kauli hii. (alama 10)

2. Eleza tofauti kati ya mhusika bapa na mhusika duara, kisha ueleze athari ya kumsawiri kiongozi wa dini kama mhusika bapa. (alama 10)

3. "Kazi ya fasihi isiyomwadhibu mtenda maovu haina funzo." Jadili kwa kurejelea kazi yoyote uliyoisoma. (alama 20)